Medikali ya Saudia inasema niko na hep C, sina bima, naanzia wapi?

Shangazi habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, niko Kayole, kazi yangu ni kusuka na kushona weave kwa saloni ya mtu. Samahani nitaandika ndefu kwa sababu sijui nani mwingine naweza kuambia haya maneno.

Mwezi wa pili nilikuwa nimepanga kuenda Saudia kazi ya nyumba, ajenti akanipeleka medikali huko tao, wakatoa damu, mkojo, wakapiga eksirei, baada ya siku tatu ajenti ananipigia ati nimefeli. Nikadhani wamepata mimba maana nasikia wengi huangukia hapo, akaniambia hapana, ni HCV. Hata yeye hakujua ni nini, alisema tu ni kitu ya ini na hiyo huwezi kuenda nayo, halafu hapo hapo akataka nimrudishie 18,000 ya pasipoti na hiyo medikali. Karatasi nikapewa, imeandikwa HCV pozitifu na muhuri mwekundu.

Nikaenda hospitali moja ya kibinafsi. Daktari aliangalia karatasi dakika mbili akasema ni homa ya ini aina ya C, ikikaa inaweza kuleta saratani ya ini, lakini kuna dawa ya miezi mitatu. Akaniandikia kipimo cha virusi, kipimo cha kujua ni jenotaipu gani, yaani aina ya hivyo virusi, na kuenda kwa mashine ya fibroskani ya kuangalia ini. Kaunta wakapiga hesabu, vipimo pekee 46,000, dawa 240,000, wakaniuliza kama niko na kadi ya bima. Shangazi mimi sina bima. NHIF tuliwacha kulipa wakati wa korona na hii ya SHA nimeisikia tu kwa redio. Bwana yangu ni makanga, siku nzuri analeta 1,000 siku mbaya 300, mimi saloni nalipwa kamisheni, kukiwa hakuna wateja hakuna kitu.

Sai nawaza mamangu auze ng'ombe yake, ako na moja tu huko Kakamega, chama wanaweza kunipa 30,000, na kuna shailoki mtaani alisema anaweza kuniongezea. Jirani naye alinipeleka kwa mtu wa mitishamba Gikomba, chupa tatu 6,500, anasema inaosha ini. Nimemaliza chupa moja.

Kwa nyumba si kuzuri. Bwana ananiuliza nimetoa wapi, anasema huo ni ugonjwa wa kutembea na wanaume. Nimetenga sahani yangu na kikombe, na kale kadogo ka miaka minne nimekakataza kulala na mimi, kanalia usiku kanauliza kamefanya nini. Sisikii ugonjwa wowote, ni uchovu tu na hizi alsa zangu ambazo niko nazo miaka mingi, nameza omeprazole ya kununua kwa kemisti. Naogopa nitakufa niwache watoto wadogo. Nianzie wapi na pesa sina?

Mama wa watatu, Kayole


Mama wa watatu, ng'ombe ya mama yako isiuzwe, na huyo shailoki usimpigie simu. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na kitu kimoja kilinishika: mpaka sasa hakuna mtu amekuambia kwa uhakika kama virusi viko ndani ya mwili wako. Umepigiwa hesabu ya karibu laki tatu kwa kitu ambacho bado hakijathibitishwa.

Nikueleze. Kipimo wanachofanya kwa medikali za Saudia kinatafuta antibodi, yaani zile kinga ambazo mwili hutengeneza ukikutana na virusi vya hep C. Ni kama kovu, linaonyesha uliwahi kukatwa, halionyeshi kama kidonda bado kinatoa damu. Na huu ugonjwa uko na tabia yake, kati ya watu 100 wanaoupata, 15 mpaka 45 miili yao huufukuza yenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, lakini kovu linabaki, na wakipimwa antibodi kwa kawaida wataonekana pozitifu maisha yao yote. Wewe unaweza kuwa mmoja wao. Au usiwe. Kitakachosema ni kipimo cha virusi vyenyewe, wanakiita PCR au vairo lodi, na kati ya vile vitatu ulivyoandikiwa hicho ndicho unatafutia pesa kwanza. Kikisema virusi haviko hakuna cha kutibu, unarudi kwa kazi yako na hiyo laki mbili na nusu inabaki hadithi.

Tuseme vimepatikana. Bado hiyo bei uliyopewa ni bei ya hospitali yao, si bei ya ugonjwa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hili jambo nalijua kwa machungu. Binamu yangu alikufa na ini mwaka wa 2009. Wakati huo tiba ilikuwa ya sindano ya interferoni, kila wiki, mpaka wiki 48, mtu anatetemeka, nywele zinakatika, anashikwa na huzuni hataki hata kuongea, na baada ya hayo yote karibu nusu ya watu hawakupona. Halafu mwisho wa 2013 Marekani wakapitisha dawa ya vidonge inaitwa sofosbuvir, na kampuni iliyoitoa, Gilead, ikaiwekea bei ya dola 1,000 kwa kidonge kimoja, dola 84,000 kwa wiki 12. Kelele zikapigwa dunia nzima. Mwaka uliofuata Gilead ikapatia viwanda vya India leseni ya kutengeneza dawa ileile kwa bei ya chini na kuiuza kwa nchi zisizo na pesa nyingi, na Kenya iko kwa hiyo orodha. Bei ikaanguka, ikaanguka, hadi 2022 kukatangazwa makubaliano ya serikali na miradi kununua kozi nzima ya wiki 12, sofosbuvir pamoja na mwenzake daclatasvir, kwa dola 60. Hiyo ni kama elfu nane hivi za kwetu. Sikudanganyi kwamba utaingia kemisti ya Nairobi upewe kwa 8,000, hiyo ni bei ya wanaonunua kwa wingi, kuna usafiri na faida ya muuzaji juu yake. Lakini ujue umbali kati ya hiyo na 240,000 ndiyo nafasi yako ya kuuliza maswali.

Misri walikuwa wanaongoza kwa hep C, sanasana kwa sababu miaka ya nyuma walidungwa sindano za kichocho kijiji kizima na sindano zilezile. Kuanzia 2018 wakapima watu zaidi ya milioni 60, na ukijumlisha tangu 2014 zaidi ya milioni nne wametibiwa kwa hizi dawa za bei nafuu. Hao si matajiri, ni wakulima na mama wa nyumbani kama wewe. Na dawa yenyewe inaponya, shangazi yako harembi maneno, zaidi ya watu 95 kwa 100 wanapona kabisa, virusi vinaisha.

Sasa pesa. Vile vipimo vya 46,000 tuvipunguze. Jenotaipu haikuwa na haja, tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri watu wapewe dawa zinazofanya kazi kwa jenotaipu zote, yaani sofosbuvir na velpatasvir, au sofosbuvir na daclatasvir, kwa hivyo muulize daktari kwa heshima tu, daktari, nikitumia dawa ya jenotaipu zote hiki kipimo bado kinahitajika? Fibroskani nayo ni nzuri lakini si lazima kwa kila mtu, kuna hesabu inaitwa APRI inayotumia vipimo viwili vya kawaida, kimeng'enya cha ini kinachoitwa AST na idadi ya chembe sahani kwa damu. Unachukua AST yako, unagawa kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa kwa karatasi ya maabara, unazidisha kwa 100, unagawa kwa chembe sahani. Ikiwa chini ya 1 basi ini lako halielekei kuwa limekauka, yaani kujaa makovu. Usijitibu na hiyo hesabu, lakini mwambie daktari akupigie kabla hujatumwa kwa mashine ya bei. Kipimo ambacho usikubali kukiruka ni cha hepatitisi B, hiki hata si ghali, kwa sababu mtu akiwa na B na C pamoja halafu atibiwe C, ile B inaweza kuamka vibaya na kuharibu ini.

Mahali pa kuanzia si ile hospitali. Jisajili SHA leo, piga *147# kwa simu yako, ujaze na bwana na watoto. NHIF ilishaisha, SHA ilichukua tarehe 1 Oktoba 2024, hata kama uliwahi kuwa na kadi ya zamani unajisajili upya. Ukishajisajili, kuona klinikal ofisa kwa zahanati na vituo vya afya vya serikali vilivyo na mkataba huwa bure hata kabla hujalipa mchango, hiyo ni ile mfuko ya afya ya msingi. Mchango wenyewe kwa sisi tusio na payslip unaanzia 300 kwa mwezi lakini wanataka ya mwaka mzima mara moja, yaani 3,600 kuendelea kulingana na maswali wanayokuuliza, na kuna ule mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wale hawawezi kutoa zote. Hizo 30,000 za chama ukitoa 3,600 hapo umefanya la maana, maana bima ya familia haiishii kwa ini, mtoto akivunjika mkono kesho utaishukuru.

Kwa hicho kituo cha afya omba barua ya rufaa. Uko Kayole, hospitali ya Mama Lucy iko karibu na wewe, anza hapo, na wakiona ini limeumia watakusukuma hospitali ya Kenyatta kwa wataalamu wa tumbo na ini. Ukifika maabara uliza kama wana kartriji ya hep C ya GeneXpert, ni ile mashine ya kupima TB, inaweza kupima na virusi vya hep C ikiwekewa kartriji yake, wengine hawakuambii mpaka uulize. Kabla ya kulipa chochote simama kwa dawati la SHA, uulize PCR na dawa ziko ndani au unatoa mfukoni, usiondoke hapo na jibu la nusu. Wakisema mfukoni na huna, kila hospitali kubwa ya serikali iko na ofisi ya ustawi wa jamii, wale wa weiva, yaani kusamehewa bili. Watu wanaona aibu kuingia hapo, wanaingia mgonjwa akishakufa ndio bili ipunguzwe. Wewe ingia ukiwa mzima, beba kitambulisho, uwaambie mapato yenu vile umeniambia mimi, 300 siku mbaya, bila kuongeza wala kupunguza.

Kama dawa utanunua mwenyewe, mwambie daktari akuandikie kwa jina la dawa, si la kampuni. Upige simu kemisti kubwa tano au sita uulize bei ya chupa moja ya vidonge 28, utahitaji chupa tatu, au zaidi kama ini limekauka. Nunua kwa kemisti iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, cheti huwa ukutani, usinunue kwa mtu wa begi ama wa kwa simu hata akushushie bei namna gani. Na usianze kumeza mpaka ujue chupa zote tatu zitatoka wapi. Najua utataka kuanza na moja uone Mungu atafanya nini, lakini ukiikatisha katikati virusi vinaweza kurudi na umepoteza pesa ya chupa ya kwanza.

Muda uko nao. Hep C hutafuna ini polepole, miaka 20, 30, kwa hivyo wiki sita za kutafuta pesa na kuzunguka ofisi hazitakuua. Kitu cha kukukimbiza hospitali upande wa dharura siku hiyohiyo ni macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji, kutapika damu ama choo cheusi kama lami.

Hizo chupa mbili za mitishamba zilizobaki, ziweke chini. Sina ugomvi na miti shamba, nyanya yangu alitutibu kwa mwarobaini, lakini hujui nini kiko ndani ya hiyo chupa na kila kitu unachomeza lazima kipitie kwa ini, ile ini ambayo unataka kuokoa. Daktari mwambie umekunywa, asikukemee ama akukemee, mwambie tu. Na umtajie omeprazole, hii wengi husahau. Dawa ya sofosbuvir na velpatasvir inahitaji asidi ya tumbo ndio iingie mwilini vizuri, omeprazole inaipunguza, unaweza kumeza miezi mitatu na isishike vizuri. Anaweza kukupa ile ya daclatasvir badala yake au akupangie hizo alsa kwa njia nyingine. Mwambie pia unatumia njia gani ya kupanga uzazi, kwa sababu miezi hiyo si ya kushika mimba.

Kuhusu bwana yako. Mwonyeshe hapa asome. Hep C inapita kwa damu, njia ya kitanda ipo lakini ni ya nadra, si kama anavyofikiria. Wewe unashona weave, mwanangu, ni mara ngapi sindano imekudunga kidole, na ni ya nani mwingine ilidunga kabla yako? Ama sindano ulizodungwa ukiwa mdogo, jino uling'olewa wapi, damu uliwahi kuongezwa ukijifungua? Huenda hamtajua kamwe, na kukaa mkitafuta wa kulaumiwa hakutoi virusi kwa mtu. Yeye naye apimwe. Hata wale watoto, maana mama anaweza kumpitishia mtoto akizaliwa, ni karibu watoto 5 kwa 100, wako wote wamepita miezi 18 kwa hivyo kipimo cha antibodi kitaaminika. Mkiwa hapo kwa maabara ulizia chanjo ya hepatitisi B kwa nyinyi wakubwa, ya C haipo.

Saloni endelea. Sindano yako iwe yako peke yako, usimwazime mwenzako, ukijidunga osha kwa sabuni na maji ya kutiririka, funga plasta kabla hujarudi kwa kichwa cha mteja, na vifaa viloweke kwa Jik. Nyumbani usishare wembe, mswaki na kikata kucha. Basi, hiyo ndiyo orodha yote.

Saudia, nitakuambia hata kama hutapenda. Hata ukipona, antibodi zinabaki, na medikali ya kutafuta antibodi inaweza kukufelisha tena na tena, kwa hivyo usikope pesa ya dawa kwa hesabu kwamba utailipa na mshahara wa huko. Tibiwa kwa sababu ya ini lako. Kuhusu ajenti na hizo 18,000, usitume chochote kwa M-Pesa mpaka akuonyeshe mkataba uliosaini unaosema hivyo, na kama anakutisha, mamlaka ya kitaifa ya ajira ndiyo inasajili hao maajenti na inapokea malalamiko.

Ukimaliza dawa kuna PCR moja ya mwisho, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, hiyo ndiyo inasema umepona, iweke kwa hesabu yako tangu sasa. Ile ya kwanza ikitoka niandikie, hata kama haiko vile tunaomba.

Na sahani yako irudishe pamoja na za wengine. Hii kitu haipiti kwa chakula, wala kikombe, wala kukumbatia, wala kikohozi. Huyo wa miaka minne alale na wewe leo usiku, na umwambie hakuna kitu alifanya.

Shangazi